Bei ya Herufi

Mimi huchora vibao Katuba,
na bei yangu huenda kwa herufi:
falanga mia tano kila moja, rangi juu yangu.
Nafasi kati ya maneno sitozi.

Ndiyo maana naupenda mdomo wa Lubumbashi.
Mwalimu Kaimbi akitaka kibao cha shule
ananiletea karatasi safi: *mtoto*.
Herufi tano.
Mke wa fundi viatu anasema *mutoto*,
analipa sita, hanuni.
Mkate, mukate. Mchele, muchele.
Ile u ndogo wanayoimeza wasomi
imenilipia karo ya watoto wawili.

Nimekaa na brashi miaka ishirini na sita
nikisikiliza kabla ya kuchovya.
Nimesikia barabara ikinyooshwa na wazee wa Kiluba
mpaka r zote mbili zikalala: balabala.
Ndege ikitua Luano
inakuwa ndeke kabla magurudumu hayajagusa lami.
Na ile franka ya Wabelgiji
ilipofika mlangoni petu ilivua viatu,
ikaketi chini, ikaitwa falanga.
Mke wangu, mtu wa Bukavu, anasonga bugali.
Mimi nakula bukari.
Sufuria ni moja.

Sasa hii ya Mama Ngoie.
Nilimchorea buluu juu ya nyeupe,
MAYI YA BARIDI,
na Y nikaipa mikono miwili juu
kama mtu anayepokea beseni kichwani.
Kikakaa miaka minne juu ya frigo lake.
Kisha binti yake, Musau, akashuka Kasumbalesa
kuuza vitenge kati ya malori ya Tunduma,
akarudi na mizigo ya sandali
na j mpya mdomoni, bado inang'aa.

"Maji, mama. Kule wote wanasema maji.
Ukiandika mayi, madereva wanauliza
trei ni bei gani."
"Bao banywe mayai," akasema Mama Ngoie.
"Shiye tunakunywa mayi."

Lakini aliyefungua pochi ni binti.
Herufi moja, falanga mia tano.
Nilipanda kreti, nikaikata Y mikono,
nikaupinda mguu wake ukawa ndoana.
Niliposhuka sikumtazama mama mwenye frigo.

Kesho yake nikakaa ng'ambo, juu ya kopo la rangi,
nione kazi yangu inavyosomwa.
Akaja mbeba makaa. Akainua macho,
akaisoma J vizuri, hata vumbi akaipangusia,
akasema: "Mama, nipe mayi."
Akaja polisi: mayi.
Akaja mwanafunzi wa Kasapa, kalamu mfukoni,
akatamka "maji" kama anayevaa tai,
akanywa kikombe kimoja kwa mkupuo,
akapumua:
"Mama, ongeza mayi."
Na umeme ulipokatika usiku wa Jumamosi,
frigo likaanza kulia machozi sakafuni,
sauti iliyopiga kelele toka ndani ilikuwa ya Musau:
"Mama! Mayi inamwangika!"

Rangi yangu ya bei rahisi naijua.
Mvua mbili tu, na ile Y ya zamani
imeanza kutokeza chini ya J,
mikono miwili, hafifu, kama mshipa chini ya ngozi.
Anayepita hajui asome ipi.
Mimi pia, siku nyingine, sijui.

Mwezi uliopita nikapita na ngazi yangu.
Mtoto wa Musau amesimama mbele ya kibao,
kaptula imemvuka magoti,
ananyoosha kidole juu na kusema:
"Mai."
Si j, si y. Hakuna kitu pale katikati,
ni mlango uliong'olewa, hewa inapita tu.
Nikahesabu vidoleni: herufi tatu.
Hasara.

"Mama Ngoie," nikamwita, "nifute?
Huyu naye analeta yake."
Alikuwa anafunga vifuko vya plastiki kwa meno.
Akatema ncha ya plastiki, akamtazama mjukuu,
akanitazama mimi na brashi yangu.
"Ngoya," akasema. "Ngoya kwanza.
Meno haiyaota yote."